Siku Kumi na Tisa za Furaha

Walimu wapya wakiletwa chumbani kwangu kujifunza kazi, kitu cha kwanza wanachokitafuta ukutani ni ubao wa nyuso. Wamefundishwa chuoni kwamba darasa la chekechea la watoto wenye usonji halikamiliki bila ubao huo. Wanazungusha macho, wanaona rafu ya viatu, mkeka, kabati la chuma na dirisha, basi. Mwaka jana mmoja mwenye mdomo mwepesi akaniuliza, "Mwalimu, sasa hisia mnafundishia wapi?" Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Baadaye nilimwomba radhi, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri, na anayestahili ukali hapo ni mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, ndiyo kwanza nimerudi kutoka kozi ya miezi tisa, na kichwa kimevimba. Shule nzima nilikuwa peke yangu niliyejua usonji ni nini, na nilihakikisha hakuna anayesahau hilo. Mwalimu mkuu alinipa stoo ya madawati mabovu. "Nakupa mihula miwili," akasema. "Nikiona matokeo, chumba ni chako. Nisipoona, darasa la tatu unaona mwenyewe wanavyobanana." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na vyumba vichache. Lakini mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu, matokeo, nikawa nalala nalo na kuamka nalo.

Tulikuwa na watoto sita, wa miaka mitatu hadi mitano, mimi na msaidizi mmoja. Msaidizi tulimwita Shangazi, sisi na watoto na wazazi wao, hata waliomzidi umri. Alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka ishirini na hakuwa na cheti hata cha kufuga kuku. Alikuwa na mwili mkubwa, kicheko kikubwa, na mapaja ambayo mtoto akilia aliyafuata mwenyewe bila kuitwa. Nilimpenda, ila nilimwona kama mtu wa kubeba na kuosha. Kufikiri ilikuwa kazi yangu.

Kadi za nyuso tulizitengeneza kwa picha za Shangazi, maana mwenzangu alikuwa na uso unaosema. Hasira ilikuwa rahisi, nilimwambia kuna mwalimu kakalia miwani yake. Hofu, nikamwambia mwalimu mkuu anakuja na yeye kajilaza kwenye mkeka wa watoto. Furaha haikuhitaji kuambiwa kitu. Huzuni ndiyo ilitushinda. Kila akishusha midomo anaikumbuka miwani, anaangua kicheko, tunaanza upya. Mwisho tukachukua ile ambayo kicheko kimembana mpaka macho yamelowa, tukasema hii inatosha, watoto hawatajua. Kwa hiyo huzuni yetu ilikuwa picha ya mtu anayejikaza asicheke. Zamani niliisimulia habari hiyo kwenye vikao vya walimu na watu walishika mbavu. Siku hizi naisimulia mara chache.

Kazi ilikwenda hivi. Kila asubuhi watoto walikaa kwenye mkeka mbele ya ubao ulioandikwa "Leo najisikiaje?" Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya kila mtoto, na chini ya kila picha nafasi tupu. Nilimpelekea mtoto sinia lenye kadi nne zilizofunikwa plastiki, furaha, huzuni, hasira, hofu, siku zote kwa mpangilio huohuo kuanzia kushoto. Mtoto alichagua moja, akaibandika chini ya picha yake, nami nikasema "Vizuri!" na kumpa kipande cha biskuti. Asiyejua kuchagua alisaidiwa. Kwanza unaweka mkono wako juu ya wake na kuupeleka kwenye kadi. Wiki zikipita unapunguza, unamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili tu. Baadaye unamgusa kiwiko. Mwisho humgusi kabisa. Jioni unaandika kwenye daftari, "kwa msaada" au "mwenyewe".

Sasa niseme jambo ambalo kwenye kozi hatukuliuliza. Ukiushika mkono wa mtoto ambaye hujui anajisikiaje, unaupeleka wapi? Ni asubuhi, jua limeingia dirishani, umekunywa chai yako, mwalimu mkuu anapita nje anachungulia. Unaupeleka kwenye furaha. Ningeuchukuaje mkono wa mtoto wa miaka minne niupeleke kwenye huzuni? Kwa hiyo watoto wangu sita walikuwa na furaha Jumatatu mpaka Ijumaa, jua liwake mvua inyeshe, na ubao ulipendeza sana.

Wa sita kwenye ubao alikuwa Meneja.

Cheo hicho alipewa na Shangazi wiki ya kwanza. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka minne na nusu, asiyeongea hata neno. Kila asubuhi, kabla hajaingia, alisimama mbele ya rafu ya viatu mlangoni, mikono nyuma, akakagua. Kisha alivipanga vyote, vidogo kushoto, vikubwa kulia, visigino vimegusa ukuta, vyangu mwisho kabisa. Vikishakaa sawa alipita mbele ya rafu mara mbili kwa ncha za vidole vya miguu, viganja vikipepea, ndipo akaingia. "Meneja kafika," Shangazi alitangaza, "ofisi ifunguliwe!" Mama yake, ambaye alikuwa mzito wa kucheka, siku ile alicheka. Tangu hapo yeye naye akawa Mama Meneja, na aliitikia.

Mama Meneja alikuwa fundi cherehani. Alishona sare nyumbani, kwenye chumba kimoja chenye kitanda upande huu na cherehani na friji kuukuu upande ule. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akifika leo kesho kaondoka. Siku ya kumwandikisha mtoto alikuja na daftari la kurasa arobaini, akaliweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Nimeandika vitu vyake, Mwalimu."

Nilidhani ni chanjo na tarehe za kliniki. Nikafungua. Akifurahi anatembea kwa vidole. Akiogopa anavaa viatu mikononi. Akikasirika anageuza vitu juu chini, vikombe, viti, chochote. Akiumwa analaza kichwa kwenye ubavu wa friji, upande ule unaomuuma, kwa sababu pana baridi na panatetema. Zilikuwa kurasa saba za namna hiyo, kwa mwandiko wa mtu anayeandika huku anaangalia sufuria.

Nilimrudishia. Tena nilitabasamu nikimrudishia, na tabasamu hilo linanichoma kuliko mengi niliyofanya baadaye.

"Hizi ni tabia, mama, si lugha," nikamwambia. "Kazi yangu ni kumpa lugha."

"Lakini mimi namwelewa."

"Wewe unamwelewa. Siku usipokuwepo je? Ukimkimbilia kila akigusa friji, kadi atazitoa saa ngapi? Usimsomee mawazo. Subiri atoe mwenyewe."

"Nisubiri hata akilia?"

"Hata akilia. Hesabu kimoyomoyo. Atatoa."

Swali la siku usipokuwepo halikuwa la kijinga. Mpaka leo nawauliza wazazi hilohilo. Ujinga ulikuwa kulirudisha daftari. Alilifunga, akalitia kwenye mkoba, akanishukuru. Wiki iliyofuata alileta mfuko mdogo alioushona na kuutia kamba mdomoni, wa kitambaa cha bluu cha sare, wa kutunzia kadi zile nne nilizompa za nyumbani. Mshono wake ulinyooka kama mstari wa rula. Nikajua nimempata mzazi mwelewa.

Meneja alijifunza haraka kuliko wote. Mwezi wa kwanza mkono juu ya mkono. Mwezi wa pili vidole viwili kwenye kifundo. Mwezi wa tatu vidole vyangu vilikuwa vyepesi mno, hata Shangazi aliyekaa mkeka uleule alikuwa havioni. Viliingia chini ya mkono wa Meneja kana kwamba namsaidia kushika sinia. Nikaanza kuandika "mwenyewe". Sikujiona mwongo. Nilijiambia mkono unakwenda wenyewe, na kweli ulikuwa unakwenda. Ulikuwa unakwenda nilikotaka mimi.

Furaha, mwenyewe. Furaha, mwenyewe. Siku tano, siku kumi. Nilikuwa nalifungua daftari lile hata nikiwa kwangu, kuangalia tu.

Siku ya kumi na sita, Jumanne, Mama Meneja alinisubiri mlangoni. Alikuwa hajachana nywele vizuri.

"Mwalimu, kaanza tena kulalia friji. Tangu juzi. Na chakula hataki."

"Nyumbani anatoa kadi gani?"

"Furaha. Kila nikimuuliza anatoa furaha, halafu ananyoosha mkono nimpe biskuti. Nikimpa haili, anaishika tu."

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mtoto anatoa kadi ya furaha, anapewa biskuti, haili. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza nusu ya kwanza ya habari. "Unaona?" nikasema. "Anatumia kadi nyumbani! Hayo ni matunda ya subira yako. Friji ni mazoea tu, usiyape nguvu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayejifunza somo gumu. Alikuwa ananiamini. Nimewahi kuaminiwa na watu wengi tangu siku ile, na kila mara nasikia baridi kidogo.

Alhamisi Meneja alipita kwenye rafu ya viatu bila kusimama. Viatu vya wenzake vilikuwa vimelala ovyo, kimoja kimepinduka kabisa, yeye akaingia akaenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma, akalaza kichwa hapo, sikio la kushoto.

"Meneja leo hajakagua," Shangazi akasema.

"Nimeona," nikamjibu, na nilikuwa nimeshatoa kalamu. Niliandika hivi, na daftari hilo bado ninalo: Tabia ya kupanga vitu kwa kujirudia imepungua bila kuelekezwa. Maendeleo. Nikapiga mstari chini ya neno la mwisho. Kisha nikamwondoa pale kwenye kabati taratibu, nikamkalisha mkekani, nikaleta sinia.

Shangazi alinifuata dirishani wakati wa mapumziko. Hakuwa na mzaha usoni, na kwake hilo lilikuwa jambo.

"Mwalimu, huyu mtoto anaumwa."

"Kasema nani?"

"Nasema mimi."

"Kadi imesema furaha, Shangazi."

Akageuka akautazama ubao. Chini ya picha ya Meneja palikuwa na uso wake mwenyewe, meno yote nje, macho yamepotea kwa kicheko.

"Ile kadi ni mimi," akasema. "Siku ile mimi nilikuwa mzima."

Nilikasirika. Nitasema ukweli, nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu. Nikamwambia kama anaona kozi ya miezi tisa ni mchezo, aende yeye. Akaenda kuosha vikombe, na siku nzima hakunitania. Angeweza kwenda kwa mwalimu mkuu. Angeweza kumfuata mama wa mtoto. Baadaye aliniambia alifikiria yote mawili, akaona aibu, yeye ni nani. Mimi ndiye niliyemfundisha kuona aibu hiyo.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja kuangalia matokeo. Alileta kiti chake mwenyewe, akakaa nyuma ya watoto na kushika magoti. Mtoto wa kwanza alibandika kadi yake. Wa pili alirusha sinia, nikacheka kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Nilikuwa nimemweka Meneja mwisho, kama mtu anavyoweka kitu kizuri juu ya kapu.

Alikuwa amekaa wima, macho yanang'aa, midomo imekauka. Nikamletea sinia. Mkono wake ulilala pajani, haukunyanyuka. Nikaingiza vidole vyangu viwili chini ya kifundo.

Kifundo kilikuwa cha moto.

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Si kwamba sikujua. Mwili wangu ulijua, vidole vyangu vilijua, nilisikia mshipa wake unavyokimbia. Pengine ilichukua muda wa kupepesa jicho. Na katika muda huo nikajiambia chumba kina joto, watu ni wengi leo, nikaunyanyua mkono ule, nikaupeleka kushoto kabisa. Meneja akaishika furaha, akaibandika chini ya picha yake. "Vizuri!" nikasema. Mwalimu mkuu akapiga makofi. "Chumba ni chako," akasema, akabeba kiti chake akaondoka. Niliandika, siku ya kumi na tisa, furaha, mwenyewe.

Mchana Mama Meneja alipokuja kumchukua alimpapasa kwanza shingoni.

"Ana joto, Mwalimu. Naona nimpeleke hospitali."

Nilikuwa bado nimelewa makofi. Na mimi nilijua juu ya joto lile kabla yake, ndiyo maana nilijibu haraka. "Joto la mchana hili, kila mtu analo," nikasema. "Leo kafanya vizuri mbele ya mwalimu mkuu. Ukimpeleka kwa daktari wakati kadi inasema furaha, unamfundisha kwamba kadi haina maana. Miezi yote hii inakwenda na maji. Mpe dawa ya kutuliza homa, mwangalie mpaka Jumatatu."

Alisimama pale mlangoni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Nikaona kabisa anavyolirudisha daftari lake lote ndani, ukurasa kwa ukurasa. "Sawa, Mwalimu," akasema.

Jumatatu nafasi ya sita mkekani ilikuwa tupu. Shangazi ndiye aliyepata habari, alipita nyumbani kwao akakuta jirani. Jumamosi nyuma ya sikio la kushoto palivimba mpaka sikio likasukumwa mbele. Jumapili alfajiri alipata degedege. Hospitali walisema ni usaha wa ndani ya sikio, umeingia kwenye mfupa, wakamwingiza chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Angekuja siku nne nyuma, dawa ya kunywa ingetosha. Maisha waliyaokoa. Sikio halikuokoka, halitasikia tena.

Shangazi alinieleza hayo akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kiti cha mtoto, kiti kidogo, akafunika uso. Mimi sikulia. Nilienda kwenye ubao nikabandua zile kadi zote sita, nikazitia mfukoni, kama mwizi anayeficha kisu.

Nilikwenda kumwona Jumatano, saa ya kuona wagonjwa. Nilinunua pakiti ya biskuti dukani, zilezile za darasani, bila kufikiri. Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia mama yake, nilijisemea. Nitamwambia habari ya vidole. Nilipofika ngazi za wodi nikapunguza, nitamwambia akishapona mtoto. Nilipofika mlangoni nikawa nimebaki na pole tu.

Kilikuwa chumba cha vitanda vinane. Meneja alikuwa kitanda cha mwisho, ameketi, kichwa kimezungushiwa bandeji nyeupe kama kofia iliyokaa upande. Chini ya kitanda palikuwa na viatu, vyake, vya mama yake, na malapa ya mgonjwa wa jirani, vyote visigino ukutani, vidogo kushoto.

"Kavipanga leo asubuhi," Mama Meneja akasema. "Ndipo nikajua kapata nafuu."

Alinipa kiti, yeye akasimama. Ndivyo alivyokuwa. Nikasema pole, akasema nimeshapoa. Akakunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

"Daktari kaniuliza siku ngapi," akasema. "Nikamwambia nane. Kaniangalia, Mwalimu, we acha tu. Mama mzima, mtoto analalia friji siku nane. Nikamwambia alikuwa anatoa kadi ya furaha. Akaniuliza, kadi gani?" Akakunja tena. "Baba yake kasema kwenye simu mimi ni mama gani. Nilimwona. Mimi nilimwona, nikakaa."

"Usijilaumu," nikasema.

Nimesema maneno mengi ya kipuuzi maishani, lakini hilo linayashinda yote. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kweli, nikalimeza, nikampa hilo la bei rahisi. Naye akalipokea. "Ahsante, Mwalimu," akasema. Alinishukuru. Machozi yakanitoka hapo, si ya huruma, ni ya fedheha, yakatiririka mpaka kidevuni na sikuwa na kitambaa.

Meneja alikuwa ananitazama. Alikuwa hana kawaida ya kutazama uso wa mtu, alikuwa anatazama pembeni yake kidogo, lakini sasa alinitazama kidevu, pale machozi yalipokuwa yanadondokea. Akageuka akachukua ule mfuko wa bluu kwenye mto, akalegeza kamba. Akazitoa kadi nne, akazipanga juu ya blanketi mbele yangu. Furaha, huzuni, hasira, hofu. Akazinyoosha kwa ncha ya kidole mpaka kingo zikalingana. Kisha akaweka mikono pajani, akasubiri.

"Anakuuliza!" Mama yake alisema kwa sauti ya chini, akasahau shuka. "Mwalimu, anakuuliza unajisikiaje. Hajawahi!"

Mungu anisamehe, hata pale, na kichwa kile kimefungwa bandeji mbele yangu, kwa sekunde moja nilijivuna. Nikafuta uso kwa mkono. Nikaunyoosha mkono wangu kwenye ile kadi ya pili, Shangazi na macho yake yaliyolowa.

Sikufika. Vidole viwili vidogo viliingia chini ya kifundo changu, vyepesi kabisa, karibu nisivisikie. Vikaunyanyua mkono wangu kutoka kwenye huzuni, vikaupeleka kushoto, taratibu, bila kulazimisha, vikaushusha juu ya furaha. Vikabonyeza kidogo ili nishike. Nikashika. Meneja akaichukua pakiti ya biskuti nilizoleta, akaichana kwa meno, akavunja kipande, akanitia mdomoni.

Mgonjwa wa jirani alicheka, akasema mtoto mzuri huyo. Mama Meneja hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vya mwanawe, ambavyo bado vilikuwa chini ya mkono wangu.

"Mwalimu," akasema, "nani kamfundisha kushika hivyo?"

Ningeweza kusema wanaigana darasani. Ningeweza kusema ni watoto, hawaishi vituko. Biskuti ilikuwa inayeyuka mdomoni, tamu.

"Mimi," nikasema.

"Kwa hiyo zile siku ulizokuwa unaniambia mwenyewe, mwenyewe..."

"Zote. Siku zote kumi na tisa. Na Ijumaa nilisikia mkono una moto. Nilisikia kabla yako."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinama akavitoa vidole vya mtoto kwenye kifundo changu, kimoja, cha pili, akavifunga ndani ya kiganja chake. Akaikusanya furaha na zile nyingine tatu, akaziweka pajani kwangu bila ya ule mfuko.

Meneja aliutazama mkono wake ulioshikwa. Akajisogeza kidogo kidogo mpaka ukingoni mwa kitanda, akalaza kichwa kwenye chuma, upande wa bandeji, akafumba macho. Mimi nilikuwa bado natafuta la kusema. Mama yake alikuwa ameshafika mlangoni, anamwita nesi.